Upande wa Fundi

Baraza ya nyuma ya nyumba ya Mama, kule Mabawa, Tanga, ina mstari. Unaanzia ukutani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, unakwenda moja kwa moja hadi ukingo wa nje, mita nne kamili, umenyooka kama uzi uliovutwa. Upande mmoja zege lina kijivu kilichoiva. Upande wa pili limepauka kidogo, ingawa umri wao umepishana siku moja tu. Mgeni akiuona hudhani ni pambo. Watoto wa dada yangu wameufanya mpaka wa michezo yao tangu wajue kukimbia.

Mstari ule ni wangu. Niliuchora Jumamosi moja ya Desemba 2004, bila kukusudia, kwa kalamu ya bluu na ukurasa wa daftari la hesabu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari huko Morogoro, na nilikuwa nimedunduliza mwaka mzima ili Mama apate baraza. Nyuma ya nyumba palikuwa udongo mtupu. Hapo ndipo alipokunia nazi, alipopepetea mchele, alipopokelea wageni wake wa jioni. Na kila vuli ikishuka, mahali pote paligeuka tope, wageni wakahamia kwa jirani. Baba alikuwa ameahidi kupasakafia miaka mingi. Akafariki na ahadi yake. Mimi nikaibeba, na nikataka kuitimiza wakati wa likizo, kwa siku tatu, kwa fedha zilizokuwa kwenye bahasha moja.

Alhamisi nilipima kwa tepu. Urefu mita sita kando ya ukuta, upana mita nne kwenda nje, unene sentimita kumi kama nilivyosikia wengi wakisema. Sita mara nne mara sifuri nukta moja: mita za ujazo 2.4. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne; jumla sehemu saba. Nikagawa 2.4 kwa saba, nikapata saruji ya mita za ujazo 0.34. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Mifuko kumi, basi. Nikaongeza miwili ya tahadhari, nikajiona mtu mwenye hekima kupita umri wangu.

Fundi alikuja jioni. Alikuwa rika la marehemu Baba, mrefu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji ya miaka thelathini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo? Mama yako ameniambia umepiga hesabu."

Nikamwonyesha daftari. Hakulishika. Aliiangalia ardhi, akatembea kutoka ukutani hadi kwenye mpapai uliokuwa ukingoni, akarudi, akasugua udongo kwa kisigino. Kisha akasema neno moja: "Ishirini."

"Ishirini nini, mzee?"

"Mifuko."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Ishirini kwa kumi na miwili si tofauti ya kubishania, ni tofauti ya kumshuku mtu. Kichwani mwangu, pale pale, nilimpa mzee yule mifuko minane ya kupeleka kwake. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyomweleza mwanafunzi wa kidato cha pili, kwamba ujazo ni urefu mara upana mara kina. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwalimu," akasema. "Basi angalau tuweke kifusi upande wa nje, tushindilie, ardhi ipande." Nikakataa na hilo pia, kwa kuwa likizo ilikuwa fupi na kifusi kilihitaji lori. Mchanga na kokoto nilimwachia aagize mwenyewe, kwa sababu tu sikuwajua madereva. Saruji, yenye bei, niliinunua kwa mkono wangu.

Mafundi wa kwetu wana msemo: zege halilali. Siku hizi vijana wa mjini huutumia kwa mambo yasiyo na saruji ndani yake, kuanzia posa hadi siasa, lakini pale ulipozaliwa una maana moja ngumu. Saruji ikishakutana na maji, saa imeanza. Haikauki kama tope linavyokauka; inashikana na maji yenyewe, inageuka kitu kingine, na hakuna namna ya kuiambia isubiri mpaka kesho. Ndiyo sababu sakafu humwagiliwa maji walau siku saba baada ya kumwagwa, ili kazi ile ya ndani isikatike njiani, na ndiyo sababu wahandisi huhesabu siku 28 kabla ya kuipima nguvu yake. Ukianza, umalize. Ama uwe umejiandaa mahali pa kukomea.

Tulianza saa moja asubuhi. Vijana wanne, mabeleshi matatu, toroli moja iliyolia kama paka, na pipa la maji. Walichanganyia juu ya mabati yaliyotandazwa chini: mchanga na saruji kwanza vikavu, wakavigeuza mpaka rangi ikawa moja, kisha kokoto zilizopondwa kwa nyundo, wakachimba kisima katikati ya lundo, wakamimina maji kidogo kidogo. Fundi alipima kwa debe la lita kumi na nane. Kila mfuko mmoja, madebe manne ya mchanga, madebe manane ya kokoto. Hakuruhusu beleshi lihesabiwe kuwa kipimo, kwa sababu, alisema, beleshi la asubuhi na beleshi la saa saba si beleshi moja, mikono inachoka.

Kufikia mfuko wa sita nilianza kuona jambo. Tulikuwa tumefika nusu ya mifuko lakini hatukuwa tumekaribia nusu ya baraza. Nilijipa moyo kwamba upande ule ulikuwa na shimo. Mfuko wa nane nikaacha kujipa moyo. Mfuko wa kumi nikaingia ndani kunywa maji, nikatoka, nikaingia tena. Saa nane mchana mfuko wa kumi na mbili ulikung'utwa, na zege lilikuwa limefika mita tatu na sentimita themanini. Mbele yake ulibaki udongo wa zaidi ya mita mbili, na kando ya udongo huo, lundo la mchanga na lundo la kokoto, yameketi kwa raha zao. Fundi alikuwa ameviagiza kwa kipimo cha mifuko ishirini. Mtaa mzima ulipita ukaona kilichobaki na kilichokosekana, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kijana mmoja akapendekeza tuongeze maji katika lundo la mwisho ili liende mbali. Fundi alimkata jicho. "Maji hayaongezi zege," alisema. "Yanaongeza vumbi." Nilikuja kusoma baadaye kwamba mwaka 1918 mtafiti wa Chicago aliyeitwa Duff Abrams alichapisha matokeo ya majaribio mengi yaliyosema jambo lilo hilo: kadiri maji yanavyozidi kulinganisha na saruji, ndivyo nguvu ya zege inavyoshuka. Sentensi yake ni ndefu kuliko ya Fundi.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa siku ile. Alichukua ubao, akausimamisha wima mahali zege lilipoishia, akaushindilia kwa vigingi, akalisukumia zege mpaka likasimama dhidi ya ubao, uso wake mnyofu kama ukuta. Nilidhani anarembesha aibu yangu. Kumbe zege likiachwa limeteremka kama ulimi, kesho yake zege jipya litalala juu yake jembamba kama chapati, na litabanduka. Likikatwa wima, vipande viwili vinakutana uso kwa uso.

Fedha sikuwa nazo. Benki ilikuwa imefungwa mchana ule wa Jumamosi, na ilikuwa bado zaidi ya miaka mitatu kabla M-Pesa haijafika Tanzania, kwa hiyo hata rafiki wa Morogoro aliyekuwa tayari kunikopesha asingeweza kunifikishia kitu. Mama alinitazama kutoka mlangoni. Hakusema neno. Akaingia ndani, akatoka na pindo la kanga lililofungwa fundo, akalifungua polepole mbele yangu. Zilikuwa fedha zake za upatu, alizopokea wiki ile na ambazo tayari zilikuwa na kazi yake.

"Kesho mkanunue iliyobaki," alisema. "Mwenyewe ataniambia ni mingapi." Mwenyewe alikuwa Fundi.

"Minane," alijibu Fundi.

Jumapili asubuhi, kabla ya kuanza, Fundi aliniita kando. Nilijua nitasemwa, na nilistahili. Hakunisema. Alichukua ndoo ya lita ishirini, akaijaza kokoto mpaka juu, akaisawazisha kwa ubao. "Imejaa?" akauliza. Nikasema imejaa. Akanipa kopo la lita moja na ndoo nyingine ya maji. "Mimina. Hesabu, mwalimu, wewe ndiye wa hesabu."

Nikamimina. Moja, mbili, tatu. Maji yalikwenda wapi? Nne, tano, sita. Lilipoingia kopo la nane ndipo maji yalipoanza kuchungulia juu ya kokoto. Ndoo niliyoapa kwamba imejaa ilikuwa na lita nane za hewa.

"Mchanga unakwenda kukaa humo," alisema. "Na saruji inakwenda kukaa ndani ya mchanga. Ni daladala, mwalimu. Imejaa, lakini konda anasema sogeeni, na watu wanasogea. Wewe umehesabu kila abiria na kiti chake."

Nilisimama na kopo mkononi. Mchanganyiko wangu wa sehemu saba ulikuwa umedhania kwamba madebe saba makavu yatazaa madebe saba ya zege. Hayazai. Yanazaa manne na nusu, au, kwa maneno ya Fundi, matano yakikupenda. Wakadiriaji majenzi huligeuza jambo hilo kuwa namba: ujazo wa zege lililomwagwa huzidishwa kwa 1.54 ili kupata ujazo wa vitu vikavu. Ukishazidisha, mita moja ya ujazo ya zege la moja kwa mbili kwa nne inadai mifuko sita na theluthi hivi. Kwa mita zangu 2.4, mifuko kumi na mitano. Nilikuwa nimekosea kabla hata sijatoka kwenye daftari.

Lakini kumi na tano si ishirini. Hiyo mitano iliyobaki iliniumiza kichwa zaidi, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, ambalo kila mtu husamehewa. La pili lilikuwa la kutotazama.

Fundi alivuta uzi kutoka ukutani hadi ukingo wa nje, usawa wa baraza itakavyokuwa, ukiwa na mteremko mdogo wa kutoa maji ya mvua. Akaniambia nipime kutoka uzini hadi ardhini. Karibu na ukuta, sentimita tisa. Katikati, kumi na mbili na kitu. Karibu na mpapai, kumi na sita. Ile ardhi ambayo mimi niliiona tambarare kwa sababu nilikuwa nimeikimbilia tangu utotoni, ilikuwa inateremka kuelekea bondeni kama ardhi nyingine zote za mtaa ule. Wastani wake sentimita kumi na mbili na nusu. Badala ya mita za ujazo 2.4, zilihitajika tatu kamili. Mara sita na theluthi, mifuko kumi na tisa. Yule mzee alikuwa ameyaona yote hayo kwa kutembea kwenda na kurudi mara moja na kusugua udongo kwa kisigino.

Tangu siku ile nimekadiria zege mara nyingi, langu na la watu, na bado naliona kosa hili hili kwa watu wenye shahada kunishinda. Mtu atapima urefu mara tatu. Atarudia upana. Atabishana na mkewe kama ni mita nne au nne na sentimita tano. Halafu ukimuuliza unene atasema, "Aa, weka nne hizi," akimaanisha inchi nne, na kuonyesha kwa vidole hewani. Sasa fikiria. Ukikosea sentimita mbili katika urefu wa mita sita, umekosea sehemu ndogo tu ya mfuko mmoja. Ukikosea sentimita mbili katika unene wa sentimita kumi, umekosea sehemu moja ya tano ya kila kitu: saruji, mchanga, kokoto, vibarua, maji. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na ndicho pekee ambacho watu hawakipimi, kwa sababu hakionekani. Urefu na upana viko juu ya ardhi, unavitembea. Unene uko chini, na chini hakuna anayekwenda ila mwenye uzi na subira.

Siku hizi mimi hupiga vigingi, navuta nyuzi, napima sehemu kumi na mbili au zaidi, natafuta wastani. Usawa wenyewe naupata kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu ambao maji ya ncha moja hayawezi kuidanganya ncha nyingine. Na pale ardhi inapozama, najaza kifusi na kushindilia, kwa maana kujaza shimo kwa saruji ni kulisha kuku pilau.

Huwa nawafikiria mafundi wa zamani wa pwani yetu, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa huko Lamu na Unguja. Vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu boriti za mikoko ndivyo zilivyo. Mti ndio uliokata shauri, fundi akafuata. Hapakuwa na mtu wa kuja na daftari kutangaza upana alioupenda. Kuna starehe fulani katika kufungwa hivyo. Saruji ilituondolea boriti, ikatuachia kila mtu achague atakavyo, na kuchagua kunataka hesabu.

Nilimuuliza Fundi, tukila ubwabwa tulioletewa na Mama saa sita ile ya Jumapili, amejifunzia wapi kukadiria. Alisema kwa shida. Alianza usaidizi wa fundi miaka ya sabini, wakati kiwanda cha Wazo Hill, kilichoanza kuzalisha saruji mwaka 1966, kilikuwa ndicho kila mtu anachokitaja. Kisha ikaja mwanzo wa miaka ya themanini, saruji ikawa adimu kama sukari, na mtu aliipata kwa kibali. Ukiandikiwa mifuko ishirini, ndiyo ishirini. Ukikosa mmoja, hakuna duka la kukimbilia. Nyumba inasimama hapo hapo mpaka mwakani, na jina lako linasimama nayo. Ukizidisha, umemnyima mwingine, na watauliza uliipeleka wapi.

"Wakati ule," alisema, "tulikuwa tunapima shimo kabla ya kuomba. Nyinyi mnanunua kabla ya kupima."

Mchana ule tulimaliza. Kabla ya kumwaga, alilikwangua lile zege la jana mahali lilipokatwa, akaliosha, akalipaka uji wa saruji tupu, ndipo akaleta zege jipya. Ilikwenda mifuko saba. Wa nane, wa ishirini tangu tuanze, ulibaki, na kwa huo alisawazisha baraza nzima kwa niru. Lakini mstari haukufichika. Niru ilipokauka ukachomoza tena, kama jina lililofutwa vibaya ubaoni. Mama alirudishiwa fedha zake za upatu mwisho wa Januari, kwa basi, ndani ya bahasha aliyoibeba kondakta mwaminifu. Alizipokea. Hakusahau.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo nilipona. Mwaka 2016 nikajenga yangu, Dar es Salaam, upande wa Kimara, na nyuma ya nyumba nikataka baraza wazi ya mita saba kwa tano. Ardhi ya Kimara haina bapa hata moja, ila safari hii nilijaza kifusi, nikashindilia, nikavuta nyuzi, nikapima sehemu ishirini. Wastani wa unene ulitoka sentimita kumi na mbili, ndio niliotaka. Mita za ujazo 4.2. Niliamua kutochanganya kwa mabeleshi. Nikaagiza zege la kiwandani, lile linaloletwa na lori lenye pipa linalozunguka.

Zege la namna hiyo linauzwa limekwisha changanywa, kwa hiyo ile 1.54 haihusiki tena. Unaagiza ujazo unaomwagwa, basi. Unaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kinachomwagika, kinachobaki ndani ya pipa, na mashimo yasiyoonekana. Nne nukta mbili ukiongeza hiyo ni nne nukta sita. Mita tano zingetosha na kusaza. Nilijua hivyo. Nilikuwa na hesabu mkononi na safari hii ilikuwa sahihi.

Niliagiza sita.

Usiku ule kabla ya kupiga simu niliuona ule mstari. Niliona lundo la kokoto likiwa limeketi, pindo la kanga likifunguliwa. Nikasema potelea mbali, zinunuliwe sita, afadhali zibaki. Hofu nayo ni namna ya kutopima.

Lori lilifika saa nne asubuhi, na kwa saa moja kila kitu kilikwenda kama harusi. Baraza ikajaa, vijana wakaburuta rula, ikanyooka. Kisha dereva akachungulia dirishani.

"Mzee, hii nyingine nimwage wapi?"

Mita moja na nusu na ushei ilikuwa bado inazunguka tumboni mwa lori lake. Mtu asiyejua atadhani ni kidogo. Mita moja ya ujazo ya zege ni kilo 2,400 hivi. Nilikuwa na karibu tani nne za kitu ambacho hakilali, kimekwisha kulipiwa, na mahali pa kukiweka sina. Dereva akaangalia saa yake. Ana saa moja na nusu tangu alipopakia, kwa kanuni waliyozoea, na karibu yote ilikuwa imekwisha, barabarani Ubungo na hapa kwangu.

Aliyeniokoa ni jirani, mama mtu mzima ambaye hadi siku ile tulikuwa tunasalimiana tu kwa kichwa kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa mfereji wa maji. Alikuwa amesimama kwenye uwa wake akiangalia. "Mwanangu," aliita, "hapo njiani mbona pana tope miaka yote?" Uchochoro uliopita kati yetu, ambao watu wote wa juu huutumia kushukia barabarani, ulikuwa utelezi mtupu kila masika. Vijana waliruka na mabeleshi, wakang'oa majani, wakapanga mbao pembeni kwa haraka ya ajabu, na toroli zikaanza kwenda. Ikatoka njia ya upana wa mita moja na urefu wa kama mita ishirini, nyembamba, imepinda mahali, ina nyayo za mbuzi aliyepita kabla haijashika. Mambo ya mfereji hayajasemwa tena. Mafundi wenye akili, nimekuja kujua, huchimba na kuandaa mapema mahali pa zege litakalobaki: karo la kufulia, mawe ya kukanyagia bustanini, kizingiti cha banda. Mimi niliandaliwa na jirani.

Na baraza yenyewe, ile ya mita saba, iliyomwagwa kwa mkupuo mmoja bila mstari wowote, nilijivunia kwa miezi minne. Mwezi wa tano ikapasuka. Ufa mwembamba, uliopinda kama mto kwenye ramani, katikati kabisa, mita tatu na nusu kutoka kila upande. Nilimwita mhandisi ninayefahamiana naye. Hakushangaa hata kidogo. Zege husinyaa likikauka, alisema, na bamba la unene huu linataka kukatwa kila baada ya mita tatu hivi, tatu na nusu ukijitahidi. "Usipolichagulia mahali pa kukatika, linajichagulia lenyewe."

Pasaka iliyofuata nilikwenda Tanga. Fundi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nilitoka nje alfajiri, Mama akiwa bado anaswali, nikachuchumaa nikaukagua mstari kutoka ukutani hadi ukingoni, nikapitisha kucha. Mita tatu na sentimita themanini upande mmoja, mita mbili na sentimita ishirini upande wa pili. Niru ilikuwa imechakaa, kona moja ilikuwa imemeguka pale mpapai ulipoanguka. Ufa hapakuwa nao.

Mama alitoka na tasbihi mkononi, akanikuta nimeinama.

"Umepoteza nini?"

"Naangalia hapa alipokata Fundi."

Aliangalia na yeye, kisha akasema wageni wa msiba wa jirani wangekuja kupumzika baada ya mazishi, nikalete majamvi mawili yaliyo nyuma ya mlango. Mafundi nao huliita jamvi bamba la zege la sakafuni, na siku zote nimeliona jina hilo kuwa zuri. Nikayaleta, nikaanza kutandika pale niliposimama.

"Siyo hapo," alisema Mama. "Hapo kwako jua linafika mapema. Tandika upande wa fundi."